Kinasa Sauti Kilichopakwa Samli

Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, na wengi wao nimewasahau. Aliyenitukana vizuri ni mmoja tu. Anakaa ng'ambo ya mbuga, upande wa pili wa Songwa kutoka kwetu, na juzi juzi nimesafiri mpaka kwenye machimbo ya dhahabu kuyatafuta matusi yake, asije akafa hajayasikia tena. Ukitaka kujua kama nina akili timamu, kamuulize mke wangu. Yeye jibu analo, tena halipungui urefu.

Ngoja nianze panapoeleweka. Shule niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, kwa hiyo mambo yangu hayajipangi foleni. Vumilia.

Sisi wawili tulikuwa manju, yaani watunzi na waongozaji wa nyimbo, yeye wa kundi lake na mimi wa langu. Kwetu Usukumani ngoma si kitu cha kukaa kwenye kiti ukatazama huku umeshika soda. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake, na yote yanaimba kwa pamoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Jaji ni miguu ya watu. Watazamaji wakihamia kwa mwenzio umeshindwa, hata kama koo lako limetoka damu. Ndiyo maana kila kundi lina mtaalamu wa dawa ya kuvuta watu. Na ndiyo maana nyimbo zetu zina matusi, kwa sababu binadamu atavuka mto wenye mamba ili akasikie mwingine anavyosemwa.

Matusi ya ngoma yana sheria zake. Hukasiriki. Unatukanwa, unacheka, jioni mnakunywa kibuyu kimoja, na msimu ujao unajibu. Lakini ipo sheria moja kubwa kuliko zote: wimbo uliotungwa kukutukana wewe, huuimbi. Ukiuimba kwa kinywa chako umeweka mkuki chini, umekiri kwamba kila neno ni kweli. Nilimjua mzee mmoja aliyeacha hata kupiga mluzi, akiogopa wimbo wake usije ukamponyoka akiwa anachunga ng'ombe.

Basi asubuhi moja akaja mke wa huyo mwenzangu, miguu ina umande mpaka magotini.

"Mwangaluka, shemeji," akasema.

"Mwangaluka. Hajambo mgonjwa?"

Mgonjwa alikuwa ameshikwa na kiharusi wakati wa palizi. Nusu ya mwili ililala, mdomo ukaenda upande, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi, mimi ni shahidi, likabaki moja tu: "Bado." Ukimwuliza umelala, bado. Umeshiba, bado. Mwinjilisti alikwenda kumwuliza kama ameokoka, akajibiwa bado, akaondoka na huzuni yake.

"Shemeji, hali chakula," mama yule akasema. "Anafunga mdomo, kijiko kinagonga meno. Kazi yake kutwa ni kupiga kitanda kwa mkono ule mzima. Mimi nimeutambua ule mdundo. Ni wimbo wake wa shingo ya korongo."

Shingo ya korongo ni yangu. Tuendelee.

"Namwimbia," akasema, "lakini mimi ni mwitikiaji, najua kiitikio tu. Nikifika kwenye beti nikatia maneno yangu, anageukia ukutani. Na akigeukia ukutani siku hiyo hali kabisa. Wachezaji wake wengine wamekufa, wengine wapo Geita machimboni, wamesahau hata njia ya kwao, watakumbuka wimbo? Nakuomba. Usipopatikana wimbo ule, nitamzika na uji wangu mkononi."

Mke wangu alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa.

"Wimbo upo," akasema. "Upo kwenye sanduku, ndani ya kile kinasa sauti. Na upo ndani ya kichwa cha huyu mzee hapa, neno kwa neno. Si uende ukamwimbie tu?"

"Mke wangu, sheria unaijua."

"Sheria ya watu waliokufa."

"Na mimi nikifa nitakutana nao kwa uso gani?"

"Kwa huo huo. Wameshauzoea."

Nikamwambia shemeji atangulie nyumbani, nitaleta kinasa sauti. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya. Ni sauti ninayoitumia nikiwa sijui.

Kinasa sauti chenyewe niliachiwa na mgeni mmoja msomi aliyekuja zamani kurekodi ngoma zetu. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na ndani yake hukaa diski ndogo kama biskuti, imevishwa koti la plastiki. Mgeni alituonyesha: hapa unabonyeza kinasikia, hapa unabonyeza kinasema. Akasema tukitunze. Tukakitunza. Shida yote ilitokana na kukitunza.

Ulipofika msimu wa mashindano, nikatangaza kwamba safari hii kundi langu litarekodiwa. Mtaalamu wetu wa dawa akakishika kile chombo, akakigeuza geuza, akatuuliza kama tuna wazimu.

"Kila kinachoingia uwanjani kinakingwa," akasema. "Ngoma zinakingwa, njuga zinakingwa, manju anakingwa. Hiki kina masikio kuliko ninyi wote, halafu mnakipeleka kitupu? Wenzetu watakiingilia, kirudi kinaimba nyimbo zao!"

Hakuna aliyebisha. Ukilifikiri vizuri, lina akili. Akachukua samli, akachanganya na jivu la mizizi yake, akakipaka nje. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyefanya kazi nusu, akakifungua akakipaka na ndani, pale kwenye kijicho kinachoitazama diski. Kikang'aa. Kikanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Betri zilikuwa zimechoka, tukazianika juu ya bati. Kila mtu anajua betri ikilala juani hurudiwa na nguvu kidogo, kama mzee tu. Siku ya siku nikampa mke wangu kinasa sauti, nikamsimamisha mbele yangu nikamwambia: "Shika hapa, usisogee."

Nikaanza kuimba. Niliimba nimefumba macho, maana manju mkubwa hafumbui macho hovyo. Nikaimba, nikaimba, nikahisi dawa inafanya kazi. Nilipofumbua, mbele yangu alikuwepo mpiga ngoma wangu na mbuzi mmoja aliyekatika kamba. Watu wote walikuwa ng'ambo. Na katika mstari wa mbele kabisa, mke wangu, ameinua kinasa sauti juu kwa mikono miwili kisikose neno.

Jioni nilimwuliza kwa upole. Sawa, haukuwa upole. Akanijibu: "Uliniambia nirekodi ngoma. Ngoma ilikuwa kule."

Wimbo ule mwenzangu aliutunga kwa ajili ya siku hiyo. Una beti tatu. Mbili alikuja nazo kutoka kwake. Wa tatu aliutunga palepale amesimama, kwa jambo aliloliona kwa macho yake, na hakuuimba tena mahali pengine, kwa sababu msimu uliofuata mvua iligoma, na baada ya hapo vijana wakawa wanachezea simu. Kwa hiyo ubeti ule wa tatu duniani una makao mawili tu, ndani ya diski na ndani yangu. Sikuwahi kuisikiliza diski ile. Nani hujipikia sumu akajipakulia?

Haya, sasa rudi nami kwenye sanduku.

Nikatoa kinasa sauti, nikatia betri mpya za dukani. Kikawaka. Kikaguna kidogo, kisha kwenye kioo chake zikatoka herufi za Kizungu, zikasimama. Nikabonyeza tena. Herufi zilezile. Nikakipiga kofi la ubavuni, kama tulivyozipiga redio zetu na zikatii. Herufi. Nikapuliza. Herufi. Nikaitoa diski, nikaitazama: haikuwa na damu wala jeraha, imechoka tu. Nikakumbuka betri. Kama jua lilizifufua betri, litaishindwaje diski? Nikaipandisha juu ya bati, pembeni ya mahindi, nikaiacha mchana kutwa. Mke wangu akaniuliza kama jioni nitaitwanga.

Nilipoirudisha ndani, herufi zilikuwa zilezile, ila safari hii kikatoa na mlio, kama mtu aliyekanyagwa.

Nikaenda Maganzo. Pale wako madalali wa almasi waliokaa na wageni wengi, na mmoja wao nafahamiana naye, Kizungu anakisoma. Nilimkuta kwenye kiti chake cha barabarani, kalamu sikioni, amekunja uso kama mwenye nchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nisomee hapa, mwanangu."

Akasoma. "Inasema kosa la diski."

"Diski imekosa nini?"

"Haikusema."

"Sasa inamshitaki mtu bila kutaja kosa?"

"Mzee, mimi nasoma tu, siyo niliyeandika."

Akaomba aione diski. Akasogeza kile kifuniko chake kidogo cha bati, ikang'aa rangi zote juani. Ikawa makosa. Maganzo huwezi kung'aza kitu ukabaki peke yako. Mara wamesimama watu kumi, na mmoja wao amekwishauliza imetoka shimo gani. Dalali akatoa lensi yake ya kukagulia mawe, akaibana jichoni, akaigeuza diski kwenye mwanga taratibu. Watu wakasogea. Mimi mwenyewe nikaanza kupata tamaa.

"Rangi ni nzuri," akasema mwishowe. "Safi. Lakini ndani lina mawimbi."

"Nilijua," akasema mtu nyuma yangu. "Ya Songwa yote yana mawimbi."

"Si jiwe hili!" nikasema. "Kuna mzee anaimba humu!"

Ikabidi niwaeleze habari yote: kiharusi, uji, kitanda. Wakasikitika, isipokuwa yule wa nyuma, aliyeondoka akisema eti nimeambiwa nilifiche jiwe tu. Dalali akaniambia niende Bugarama. "Yupo fundi pale anatengeneza detekta, zile mashine za kutafutia dhahabu. Mtu anayeifanya mashine isikie dhahabu iliyo chini ya udongo, atashindwa na mzee anayepiga kelele?"

Nikapanda basi mpaka Kahama, nikalala kwa binti yangu, asubuhi nikaingia Bugarama. Kule ardhi yenyewe haitulii. Kwenye mgodi mkubwa magari yanashindana kwa ukubwa na nyumba, na kando yake kila mwenye pumzi ana duara lake, yaani shimo la kuchimba, na karasha zinasaga mawe kutwa mpaka meno yako yanaitikia. Fundi nilimkuta katika kibanda cha mabati, mtu mnene mwenye uhakika. Wachimbaji watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri detekta lao.

Akakipokea kinasa sauti kwa vidole viwili. "Mzee, hiki cha enzi za Nuhu. Lakini kwangu hakuna kinachoshindikana." Akakifungua. Akanusa. Akaniangalia.

"Nani amekikaanga hiki?"

"Hakijakaangwa. Kimekingwa."

"Kimekingwa na nini?"

"Na wenzetu."

Wale wachimbaji wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Mmoja akasema, "Hata sisi duara letu tulilikinga."

"Mkapata?" fundi akamwuliza.

"Maji."

Fundi akachukua pamba na spiriti, akaanza kusugua. Kwa muda mrefu pamba zilitoka za njano, kisha za kijivu, kisha nyeupe. Nilikuwa naona aibu, na pia, nisiseme uongo, nilikuwa najivunia, maana samli ile ilikuwa ya ng'ombe wetu na baada ya miaka yote ilikuwa bado haijachacha sana. Akarudisha diski, akawasha. Zikatoka herufi mpya.

"Umeona?" akasema. "Kwanza ilikuwa haioni. Sasa inaona, inasema haikuti kitu. Inaomba ifomati. Nibonyeze ndiyo?"

"Kufomati ndiyo nini?"

"Kuifanya diski iwe mpya."

"Na yule mzee aliyemo?"

"Anatoka."

"Anatokea wapi?"

"Hatokei popote, mzee. Anafutika. Lakini diski inapona."

Nilimdaka mkono. Sijawahi kumdaka mkono mtu mnene namna ile, na wachimbaji wakasimama wakidhani ni ugomvi. Nikamwambia, wewe mtoto wa watu, mgonjwa akija hospitali anaumwa tumbo, humzai upya! Akacheka, akasema ndivyo dawa za siku hizi zilivyo. Na hilo ni kweli. Siku hizi kila mtaalamu akishindwa kusoma kilichopo anaomba ruhusa ya kukifuta. Kwetu akija kiongozi mpya ofisini, jambo la kwanza anatupa nje makaratasi ya mwenzake, na sisi wazee tunapanga mstari kuandikishwa upya kwamba tupo. Kisha anaondoka ameponya ofisi.

"Haya, subiri," fundi akasema. "Siku ya kurekodi, betri zilikuwa mpya?"

"Zilikuwa za kuanika."

Akapiga meza. "Ndiyo hapo! Sikiliza, mzee. Mashine hii inasikia kwanza, halafu mwisho kabisa, ukishaizima, ndipo inaandika orodha: huyu anaanzia hapa, anaishia pale. Betri zako zilikufa kabla ya orodha. Sauti ipo yote. Ila mashine haina habari kwamba ipo."

"Kama mimi," akasema mchimbaji yule wa maji. "Nipo hapa miaka, leseni haina habari."

Ikabaki hila moja. Fundi alikuwa na diski nyingine nzima kwenye boksi la makorokoro. Akasema atarekodi kwenye hiyo kimya kitupu mpaka ijae, mashine ishike orodha yake akilini, kisha abadilishe diski bila mashine kujua kwamba imefunguliwa. Akavunja njiti ya kiberiti, akaibana kwenye kitufe kinachotambua mlango. Mashine ikadanganyika. Akatia diski yangu, ikaandikiwa orodha ya mwenzake. Nikawaza, watu wangapi wanaishi vizuri hivyohivyo. Akaunganisha na spika kubwa, akabonyeza.

Ikasema: "Shika hapa, usisogee."

Ilikuwa sauti yangu ya ujana, kali kama ya mtu mwenye ng'ombe wengi. Wachimbaji wakashangilia. Zikafuata ngoma zangu, nikafuata mimi mwenyewe, naimba. Nilikuwa naimba vizuri, nakuambia. Ila kadiri nilivyoimba, nilikuwa nazidi kuwa mbali. Sauti ikawa ndogo, ikawa kama ya mtu aliye ndani ya debe, na badala yake zikaja nyayo, pumzi za mtu anayekwenda haraka, kelele za umati, ngoma nyingine nzito.

"Mzee, mbona unapungua?" fundi akauliza.

"Anahama," nikasema. "Mwenye kushika."

"Nani?"

"Mke wangu."

Hapo karasha zilikuwa zinasaga lakini nakuapia sikuzisikia, kwa jinsi walivyocheka. Kisha ngoma zikashuka, umati ukatulia, na mwenzangu akasafisha koo. Namjua. Husafisha koo mara moja, kama mtu anayefunga mlango. Akasema, "Hee!" Wote tukainama mbele kwenye spika.

Krrrr. Herufi.

Fundi akarudia. Usisogee, nyayo, koo, hee, krrrr. Akarudia tena. Akaitoa diski, akailaza kwenye kioo cha meza, ikachezacheza kama sahani mbovu.

"Hii imepinda. Iliwekwa karibu na moto?"

"Hapana."

"Jua?"

Nikatazama barabara. "Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kama mahindi."

Hakunicheka. Alikaa tu, ameshika kichwa. Wachimbaji ndio walioumia. "Babu, alikuwa anataka kusema nini yule? Babu, utuache hivi? Wewe si ulikuwepo? Imba basi!" Mmoja akaniambia yuko tayari kupoteza zamu yake ya shimoni. Nikawaeleza sheria. Wakaniambia sheria hiyo ni ya kwenu Kishapu, hapa ni Msalala. Nikafunga kinasa sauti kwenye kitambaa nikaondoka, na njia nzima ya kurudi sikuthubutu hata kupiga mluzi, wimbo usije ukaniponyoka.

Mke wangu alijitanda kanga yake tukavuka mbuga pamoja.

Mwenzangu alikuwa amelazwa chumba cha mbele, penye mwanga wa mlango. Alikuwa ameisha. Mtu yule, aliyekuwa akifungua mdomo ng'ombe wa vijiji viwili wanageuka, alikuwa sawa na nguo iliyoachwa kitandani. Pembeni bakuli la uji limeshika utando. Aliponiona, jicho lake zima likanipanda kuanzia miguuni, likaja likasimama shingoni. Likakaa hapo. Nikajua bado yumo.

Nikaweka kinasa sauti juu ya kigoda. Nikabonyeza. "Shika hapa, usisogee." Ule upande mzima wa mdomo wake ukainuka. Nikawa naimba, nikawa naenda mbali, nyayo zikaja, na kwa kila nyayo mdomo ukazidi kuinuka. Koo. Hee.

Krrrr.

Akasubiri. Akakitazama kinasa sauti, akanitazama mimi. Akapiga kitanda, ule mdundo. "Bado," akasema.

Nikabonyeza tena. Krrrr. Mara ya tatu hakikusema hata usisogee, kilitoa herufi tu.

Akaanza kugeukia ukutani. Nusu ya mwili haigeuki kama mwili mzima. Inageuka kama mkokoteni wa mizigo kwenye matope, pole pole, na huna namna ya kuusaidia. Mkewe akaziba mdomo kwa kanga. Kabla hajafika ukutani, nikasikia mtu anaimba:

*Hee! Manju wa ng'ambo ana shingo ya korongo,*
*anachungulia chungu cha jirani bila kuvuka ua!*

Ilikuwa sauti ya kizee, imepasuka katikati. Alikuwa mimi.

Mkokoteni ukasimama. Wanawake wawili wakaitikia kama walikuwa wamesubiri mlangoni miaka yote. Nikaingia ubeti wa pili:

*Alipigana na fisi usiku kucha kwa rungu na kelele,*
*kulipokucha fisi akalia mbuu, anadai ziwa la mama yake!*

Ilikuwa giza, na ndama yule alikuwa mkubwa. Basi. Wakaitikia. Mkono wake ulikuwa unapiga kitanda sawasawa, haukosei. Nikamaliza, nikajifuta mdomo, nikakaa.

"Bado," akasema.

"Umekwisha," nikasema.

"Bado."

"Mzee mwenzangu, wimbo ndio huo."

Akapiga kitanda. Jicho likahama kutoka shingoni kwangu, likaenda kwa mke wangu, likarudi. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu, ameibana midomo kama mtu aliyeshika maji. Nilipowafikiria wale wazee waliotangulia, nikaona kweli, uso wangu wameshauzoea. Nikasimama, maana ubeti ule wa tatu hautaki kuimbwa umekaa.

*Jamani tazameni, ng'ombe aliowatoa wamepotea bure!*
*Aliyemtolea mahari kavuka, yuko kwetu, mstari wa mbele!*

Mke wangu alicheka. Alicheka vilevile kama alivyocheka siku ile, kichwa nyuma, bila kunionea huruma hata kidogo, na mwenzangu akatoa mlio kwa nusu ya mdomo, mdomo ukafunguka, na mkewe, ambaye si mjinga, akatia kijiko.

Akameza. Uji mwingine ukatoka pembeni, ukafutwa. Akameza tena.

"Bado," akasema.

"Uji au wimbo?" nikamwuliza.

Akapiga kitanda. Nikarudi kwenye shingo ya korongo.